Lile neno refu la Kiingereza silo la madaktari

Hapa Lamu ukikaa barazani Mkunguni jioni hukosi kijana anakariri pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, herufi 45, halafu anaapa ati ndo jina madaktari wanatumia kwa ugonjwa wa mapafu wa vumbi la volkano. Jamani sivyo. Neno lilitungwa 1935 na Everett Smith, rais wa chama cha wapenzi wa mafumbo ya maneno huko Marekani, makusudi tu lipite mengine kwa urefu, na kamusi zikalipokea. Ugonjwa wenyewe lakini upo na unaua, daktari anaandika silikosisi basi, vumbi laini la silika, yale madini ya kwenye mawe na mchanga, linaingia mapafuni linaacha makovu, pumzi zinakata, na dawa ya kuyaondoa hayo makovu hakuna. Wanaoumia zaidi ni wachimba migodi na wakata mawe, volkano wala hawajaiona.