Mizani, ushuru na kibao cha tani 10: wasafirishaji wa mizigo wanapokosea

Mzigo unaotoka bandarini Dar es Salaam kwenda ghala la wilayani hupita kwenye amri za ngazi zaidi ya moja: Jumuiya ya Afrika Mashariki, serikali kuu na halmashauri. Mabishano mengi ya barabarani huanza pale mtu anapojibu swali la ngazi moja kwa sheria ya nyingine. Hizi hapa kauli sita zinazopotosha.

"Nisipofika tani 56, mizani hainigusi."

Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Tani 56 ni ukomo wa juu wa Jumuiya, na ni wa gari lenye ekseli saba. Tanzania ilianza kuisimamia sheria hiyo mwaka 2019. Chini ya jumla hiyo kila kundi la ekseli lina ukomo wake: ya usukani tani 8, ekseli moja yenye tairi nne tani 10, mbili pacha zenye tairi nane tani 18, tatu za tela zenye tairi kumi na mbili tani 24. Semi ya ekseli sita, kichwa cha dabo difu (chenye ekseli mbili pacha za nyuma) na tela la ekseli tatu, inaishia 8 + 18 + 24, yaani tani 50.

Chukua semi iliyobeba saruji. Mizani inasoma mbele kilo 7,200, dabo difu 16,400, tela 26,100. Jumla ni 49,700, na dereva anaanza kutabasamu. Lakini tela limezidi kwa kilo 2,100, na hata ukilipatia nafuu ya asilimia 5 inayovumiliwa kwa ekseli (kilo 25,200) bado limepita kwa 900. Dawa yake ni kupanga upya. Mfuko wa kilo 50 ukitolewa juu ya ekseli za tela ukawekwa juu ya pini inayounga tela na kichwa, uzito wake wote unahamia kwenye kichwa. Mifuko 30 inashusha tela hadi 24,600, na dabo difu haivuki 17,900; mingine 12 ishushwe kabisa ili tela lifike 24,000. Kazi ya makuli wachache, lakini ifanyike ghalani. Kando ya mizani, juani, bei ya makuli ni nyingine.

Hiyo asilimia 5 nayo isihesabiwe kwenye mpango wa kupakia. Tope kwenye chesisi, tenki lililojazwa njiani na mbao zilizonyeshewa vitaila yote kabla hujafika mizani ya pili.

"Nikilipa faini, naendelea na mzigo wangu."

Faini haigeuki kibali. Mzigo uliozidi hupangwa upya au hupunguzwa. Ukali huu una hesabu nyuma yake. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, uzito umeongezeka kwa asilimia 20 tu, ila uharibifu umezidi mara mbili.

"Kontena limeshapimwa kwa ajili ya meli, barabarani liko salama."

Ni kweli kwamba tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinadai uzito uliothibitishwa kabla kontena halijapakiwa. Kipimo hicho kinalinda meli. Hakisemi uzito umekaa upande gani wa kontena, wala kontena la futi 20 litafungwa wapi kwenye tela la futi 40. Likifungwa nyuma, tela linaelemewa huku kichwa kikiwa chepesi.

"Kila halmashauri ninayopita ina haki ya ushuru wa mazao."

Ushuru wa mazao ni wa mnunuzi, na hulipwa mahali mazao yaliponunuliwa. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Dereva asiondoke bila stakabadhi ya mashine mkononi. Picha kwenye simu ya bosi haimsaidii getini saa nane usiku. Kwa anayevuka kwenda Kenya, ibara ya 209(5) ya Katiba ya 2010 inazikataza kaunti kutoza kodi kwa namna inayokwamisha bidhaa kupita kati ya kaunti na kaunti.

"Ada ya mwaka ya magari ilifutwa, basi tumepona."

Ilihamia kwenye mafuta mwaka huohuo wa 2017, kwa shilingi 40 kila lita. Lori linalokunywa lita 45 kwa kilomita 100, likienda kilomita 900, linalipa takriban shilingi 16,200 kwa safari moja ya kwenda. Anayeegesha muda mwingi alipata nafuu. Anayezunguka kila wiki aiingize hesabu hiyo kwenye nauli.

"Mizani ya barabara kuu imenipitisha, hadi wilayani hakuna shida."

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa; za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017. Huko kibao cha "mwisho tani 10" ni cha kawaida, na semi ya tani 50 iliyo halali kabisa Morogoro inakuwa na kosa mara tu inapochepuka. Kabla ya kukubaliana bei, uliza kilomita za mwisho ziko kwenye barabara ya nani, na gharama ya kufaulisha mzigo kwenye magari madogo italipwa na nani.