Shimo jeusi (mahali penye mvutano mkali mpaka hata mwanga hautoki) halionekani, sasa uzito wake mnaupimaje?

Kila tukitoa darubini watu waje kuangalia nyota lazima atokee mtu aulize hilo, na mara nyingi ni mtoto. Kwa kifupi hatulipimi lenyewe, tunachungulia majirani zake. Kinachozunguka karibu na kitu kizito lazima kikimbie, kikizubaa kinavutwa ndani, basi ukijua kinakimbia kasi gani na kiko mbali kiasi gani toka katikati ushapata tungamo (we sema tu uzito, tutaelewana). Kasi ndo yenye neno: ikiwa mara mbili kwa umbali uleule, uzito ni mara nne.

Hapa kwenye galaksi yetu, Njia Nyeupe, kuna nafuu, nyota mojamoja zinazozunguka shimo la katikati zinaonekana. Moja inaitwa S2, inamaliza mzunguko kwa miaka kama 16, na ndo iliyowasaidia wanaastronomia Reinhard Genzel na Andrea Ghez kupata uzito wa hilo shimo, Majua milioni 4 hivi (yaani mara milioni 4 ya Jua letu), wakapewa Nobeli 2020.

Sasa nenda galaksi ya M87, miaka ya mwanga milioni 55 toka hapa. Huko nyota zimeshonana kama mchele kwenye gunia, unasoma mwanga wao kwa pamoja tu, wa zinazokuja kwetu unasogea kwenye ubluu kidogo na wa zinazoondoka unasogea kwenye wekundu, kama honi ya basi inavyobadilika likikupita. 2011 waliotumia nyota wakapata Majua bilioni 6.6, halafu 2013 waliotumia gesi wakasema hapana, bilioni 3.5. Shimo lilelile jamani! Shida ni kwamba gesi inasukumwa na mambo mengine pia, sio mvutano peke yake, na lile sahani lake la gesi limeinama vipi inabidi ukadirie. Ubishi ukaenda mpaka Aprili 2019, picha ya kwanza ya shimo jeusi, hilohilo la M87, ilipotoka, na kwa kuwa upana wa ile pete ya mwanga unafuata uzito wa shimo, wakapima pete wakapata bilioni 6.5. Hesabu ya nyota ikatoka kifua mbele.

Ila gesi tusiidharau, kwenye kwaza za mbali kabisa (vitovu vya galaksi vinavyong'aa sana, gesi ikiwa inamezwa na shimo jeusi) ndo tegemeo letu. Pale katikati mwanga unapandapanda na kushuka, mawingu ya gesi yanayozunguka nayo yanaitikia baadaye, siku kadhaa au miezi, yaani kama mwangwi. Ule muda wa kuchelewa ndo unakupa umbali, na mstari wa gesi kwenye wigo wa mwanga (mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi) ukiwa mpana ujue inakimbia sana. 3C 273, kwaza iliyo zaidi ya miaka ya mwanga bilioni 2 toka hapa, darubini za Chile ziliyatenganisha hayo mawingu mwaka 2018 ikapatikana karibu Majua milioni 300. Tatizo linabaki umbo la mawingu, kama yamekaa kama sahani au kama mpira, ukikosea hapo jibu linaweza kuwa mara mbili au nusu ya lilivyo.