Kipimo kinasoma nini hasa: kutoka tone la damu hadi majina ya waandishi

Mwenye kisukari anapojichoma kidole, damu anayoikamua ni kidogo mno, mara nyingi haifiki hata mikrolita moja. Anaigusisha kwenye ncha ya kijiti cha plastiki, damu inavutwa yenyewe ndani ya mfereji mwembamba, na baada ya sekunde chache namba inatokea. Kwa namba hiyo ataamua achome insulini kiasi gani. Sisi tunaotengeneza vihisi hatuchoki kurudia jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: kifaa kile hakijaiona sukari hata kidogo. Kimepima umeme.

Ndani ya mfereji ule kumepakwa kimeng'enya, yaani protini inayoitambua glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu, na kuinyang'anya elektroni mbili. Kimeng'enya huzikabidhi elektroni hizo kwa kemikali nyingine, nayo huzifikisha kwenye elektrodi, yaani kipande kinachopokea umeme. Mkondo mdogo wa umeme unaopatikana ndio unaogeuzwa kuwa kiwango cha sukari. Kwa hiyo kati ya sukari na namba kuna mikono kadhaa ya kupokezana, na kila mkono unaweza kupokea kitu ambacho sukari haikukituma.

Mtu aliyeuona ugumu huu mapema ni Leland Clark wa Marekani. Mwaka 1956 alieleza elektrodi ya kupimia oksijeni kwenye damu, ambayo platinamu yake ilifunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki. Utando ulikuwa nusu ya ugunduzi wenyewe: oksijeni ilipenya, seli na protini zikabaki nje. Mwaka 1962 yeye na Champe Lyons wakapendekeza kimeng'enya kiwekwe kwenye elektrodi ya namna hiyo, na mwaka 1967 Updike na Hicks wakakinasa kimeng'enya ndani ya jeli ya poliakrilamaidi. Tangu hapo fani yetu imekuwa ndoa ya vitu hivi viwili. Kitu cha kibiolojia hutambua. Polima, yaani plastiki na jamaa zake, hushikilia, hulinda na huchuja.

Kuchuja ndiko kunakonifurahisha zaidi. Damu ina vitamini C na asidi ya yuriki, na vyote viwili vinaweza kumwaga elektroni kwenye elektrodi bila hata kupitia kwenye kimeng'enya. Ukiipaka elektrodi polima iitwayo Nafion, yenye chaji hasi, wavamizi hao wenye chaji hasi hurudishwa mlangoni. Lakini parasetamoli haina chaji katika damu, kwa hiyo hupita bila kuulizwa. Ndiyo maana baadhi ya vihisi vya sukari vinavyovaliwa mwilini hupandisha namba mtu akimeza dawa ya maumivu, ilhali sukari yake haijapanda.

Kosa la namna hii limewahi kuua. Baadhi ya vipimo vya sukari vilitumia kimeng'enya aina ya GDH-PQQ, chenye kasi nzuri na kisichosumbuliwa na oksijeni, ila kisichoitofautisha vizuri glukosi na maltosi, ambayo ni sukari nyingine. Wagonjwa wanaosafishwa damu kwa njia ya tumbo hupewa wakati mwingine maji yenye ikodekstrini, ambayo mwilini huvunjika na kuwa maltosi. Kipimo kilihesabu vyote viwili pamoja na kutoa namba ya juu. Mgonjwa akaongezewa insulini huku sukari yake halisi ikiwa chini. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari ikitaja vifo 13 vilivyoripotiwa tangu mwaka 1997 vikihusishwa na vipimo vya aina hiyo. Vifaa vile havikuwa vibovu. Vilifanya kazi yake sawasawa, kwa kitu kisicho chenyewe.

Ninaeleza haya kwa urefu kwa sababu nimekaa mara kadhaa kwenye kamati zinazopitia maombi ya watafiti wanaotaka kupandishwa cheo, na kila nikifungua jalada namkumbuka mgonjwa yule. Mbele yangu kuna namba: makala ngapi, zimerejelewa (yaani kutajwa katika makala nyingine) mara ngapi, faharasa ya h ni ngapi. Hii ya mwisho ilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10, na huna 11 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 11, h yako ni 10. Ni namba safi na rahisi kukokotoa. Nayo, kama kile kijiti, haijauona mchango wa mtu. Imehesabu kitu kingine kinachodhaniwa kufuatana nao.

Chukua suala la majina tu. Makala yenye waandishi watano, ikihesabiwa nzima kwa kila mmoja, imeshageuka makala tano. Ukigawa, kila mmoja anapata 0.2, hata kama mmoja wao ndiye aliyefanya kazi yote ya maabara na mwingine alisoma rasimu jioni moja. Mwaka 2015 ilichapishwa makala ya fizikia kuhusu uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154. Ilikuwa na kurasa 33, na 24 kati yake zilikuwa za majina ya waandishi na taasisi zao. Hesabu nzima inampa kila mmoja 1. Hesabu ya mgawo inampa takriban 0.0002. Sioni hata moja kati ya hizo inayosema kweli kuhusu mhandisi aliyekesha akirekebisha kigunduzi.

Halafu kuna nafasi ya jina kwenye orodha. Katika hisabati, waandishi kwa kawaida hupangwa kwa alfabeti. Katika maabara nyingi za biolojia, wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa na wa mwisho ndiye kiongozi wa maabara. Anayesoma orodha ya wanahisabati kwa macho ya mwanabiolojia ni sawa na anayetumia kipimo bila kukisawazisha kwanza. Na watu wawili wenye jina moja huunganishwa kuwa mtafiti mmoja hodari sana, wakati aliyebadili jina baada ya ndoa hugawanywa kuwa watafiti wawili wa kawaida. Kwa hili la mwisho dawa ipo: ORCID, namba ya tarakimu 16 iliyoanza kutolewa mwaka 2012, ambayo humtambulisha mtafiti mmoja tu. Ninawahimiza wanafunzi wangu wote waichukue kabla ya makala yao ya kwanza.

Kuna polima nyingine inayonisaidia kufikiri juu ya jambo hili. Badala ya kukopa kimeng'enya kwenye kiumbe hai, tunaweza kuichapa plastiki umbo la molekuli tunayoitafuta. Günter Wulff wa Ujerumani alionyesha njia hiyo mwaka 1972. Unachanganya molekuli lengwa na viambato vya polima, unaacha polima igande kuizunguka, kisha unaiosha molekuli itoke. Vinabaki vishimo vyenye umbo lake, kama unyayo unavyobaki kwenye tope baada ya mwenye mguu kuondoka. Molekuli ya aina hiyo ikipita tena, inatulia humo.

Shida ni kwamba kuosha hakumalizi. Masalia ya molekuli ya kwanza hubaki yamejificha ndani ya polima na kuvuja taratibu, siku baada ya siku. Kihisi kinatoa ishara nzuri kabisa kwenye maji yasiyo na kitu, kwa sababu kinajisoma chenyewe. Niliwahi kufurahia matokeo ya namna hiyo kwa wiki nzima kabla ya kugundua kwamba kilichokuwa kikipimwa ni uvujaji wangu mwenyewe. Mtafiti anayerejelea makala zake kupita kiasi huipandisha h yake kwa njia hiyohiyo. Kujirejelea kwenyewe si kosa. Anayeendeleza kazi yake hana budi kuitaja. Ila anayesoma namba lazima ajue ni kiasi gani cha ishara kimetoka nje.

Nasi tuna desturi ya kujikinga: kila polima tuliyoichapa tunaitengenezea pacha isiyochapwa, kwa viambato vilevile na joto lilelile, bila ile molekuli. Pacha ikishika molekuli sawa na nduguye, basi vishimo havikufanya kazi yoyote. Kwenye kamati huwa naomba kitu kama hicho. Mtafiti wa hisabati alinganishwe na wanahisabati wa umri uleule wa kazi, asilinganishwe na daktari anayeandika katika fani ambayo makala moja hurejelewa na mamia.

Hata hivyo mfano huu una mpaka, na mpaka huo ndio unaonitia wasiwasi. Glukosi haijui kwamba inapimwa. Mtafiti anajua. Akiambiwa kwamba idadi ya makala ndiyo itakayompa cheo, atakata utafiti mmoja vipande vitatu na kuongeza rafiki kwenye orodha, naye rafiki atafanya vivyo hivyo. Hakuna utando wa polima unaoweza kuchuja hilo. Wahariri wa majarida ya tiba wameweka masharti manne kwa anayetaka kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa kiasi kikubwa, awe ameandika au kurekebisha maudhui, awe ameidhinisha nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Sharti la nne ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu wanaopenda kuongezwa jina huanza kusitasita wanapolisoma kwa sauti.

Majarida mengi sasa yanaomba pia kila jina lielezwe limefanya nini, kwa kutumia orodha ya aina 14 za mchango iitwayo CRediT: nani alibuni wazo, nani alifanya majaribio, nani alitengeneza programu, nani aliandika rasimu. Kwenye maabara yetu fundi anayemimina tando zetu alikuwa akitajwa kwa miaka kwenye mstari wa shukrani, chini kabisa. Tando hizo ni nyembamba kuliko unywele, na akikosea kidogo kihisi chote kinasoma upuuzi. Tulipoketi kujaza orodha ile kwa mara ya kwanza tuligundua kwamba yeye alikuwa na mchango katika aina nne, na mmoja wetu aliyekuwa akitangulia kwenye orodha hakuwa na hata moja.