Kisanduku Kitupu Si Sifuri

Wengi wanaotunza hifadhidata huamini kwamba kisanduku kilichoachwa wazi ni sifuri tu, ila mwandikaji alikuwa mvivu. Sivyo. Katika SQL, lugha ya kuuliza na kupanga hifadhidata, kisanduku kitupu huitwa NULL, maana yake thamani haijulikani, ilhali sifuri ni thamani inayojulikana vizuri kabisa.

Chukua jedwali la mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza. Mitumbwi mitatu imefika: wa kwanza una kilo 40, wa pili 60, wa tatu haujapimwa. AVG(kilo), yaani wastani wa safu ya kilo, itakupa 50, kwa sababu inauruka huo wa tatu. Ukijaza sifuri eti pasikae wazi, wastani unashuka hadi 33.3 hivi, na mtumbwi uliosheheni unaonekana umerudi mtupu. COUNT(*), inayohesabu mistari yote, hutoa mitatu; COUNT(kilo), inayohesabu yenye kilo tu, hutoa miwili.

Kero kubwa iko kwenye kutafuta. Ukiandika sharti WHERE kilo = NULL (yaani leta ambapo kilo ni NULL) hupati kitu, hata ule wa tatu, maana kisichojulikana hakiwezi kuthibitishwa kuwa sawa na chochote. Andika kilo IS NULL. Vilevile WHERE kilo <> 60 (yaani kilo isiyo sawa na 60) inaleta ule wa 40 peke yake, jambo linalowachanganya hata wazoefu. Na NOT IN, sharti la “isiyomo kwenye orodha”, ikikuta NULL moja tu ndani ya orodha yake, hairudishi mstari hata mmoja, wala haitoi onyo lolote. Hapo ndipo watu hukesha.

Safu ambayo lazima ijazwe, kama namba ya mtumbwi, iwekee NOT NULL, yaani marufuku kuachwa wazi, tangu unapounda jedwali. Ya kilo iruhusu ibaki wazi hadi mzigo upimwe.