“Hiyo miaka kumi inahesabiwa kuanzia lini, daktari?”

Swali hili niliulizwa na mama mmoja, mkulima wa viazi kutoka Makete, wiki ya tatu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi ya shingo yenye saratani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mtandio kauzungusha mara mbili shingoni, mumewe kasimama nyuma yake kashika bahasha ya majibu. Huko alikopita kwenye vipimo alisikia mtu akitaja “miaka kumi”. Akaondoka nayo hivyohivyo hadi nyumbani: nimepewa miaka kumi. Alishaanza kupiga hesabu kitinda mimba wake atakuwa kidato cha ngapi.

Si yeye peke yake. Ukikaa kliniki yetu hapa Mbeya asubuhi moja tu utasikia “baba alipewa mitano”, “dada kapewa miwili”, kana kwamba pale dirishani tunagawa miaka. Kwa hiyo nianze na hilo kabla sijaueleza ugonjwa wenyewe.

Watafiti wanaposema uhai wa miaka 10, wamechukua watu waliogundulika na ugonjwa fulani, wakawafuatilia, na ilipotimia miaka 10 wakahesabu wangapi bado wako hai. Basi. Ni kama bwana shamba anayekuja kukagua mahindi siku ya 60 na kuhesabu mashina yaliyosimama. Hajasema mahindi yatang’olewa siku ya 61. Yeye alichagua siku ya kuhesabu, na shamba linaendelea na mambo yake. Mama yule nilimjibu kwamba haihesabiwi kuanzia siku yoyote, maana si yake. Ni ya kundi la watu ambao hajawahi kuwaona.

Sasa ugonjwa. Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, imekaa kama kipepeo aliyekunjua mbawa. Saratani nyingi za tezi hii huanzia kwenye seli zinazonyonya madini joto na kutengeneza homoni. Hizo nyingi hutibika vizuri. Ile ya mama yetu ni nyingine, inaitwa saratani ya medula. Ni adimu: katika kila saratani 100 za tezi hii, za medula hazizidi 5. Huanzia kwenye seli chache zilizojificha katikati ya tezi, ambazo kazi yake ni kutengeneza kemikali iitwayo kalsitonini. Seli hizo hazinyonyi madini joto kabisa. Ndiyo maana ile dawa ya madini joto yenye mionzi, ambayo wagonjwa wengine wa tezi huifuata hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa saratani hii haifui dafu. Kisu ndicho tegemeo: kuondoa tezi yote pamoja na mitoki iliyo jirani nayo, na kuiondoa vizuri mara ya kwanza.

Takwimu zilizopo zinatoka zaidi Ulaya na Marekani, nazo nazitaja nikijua hivyo. Saratani ikikutwa bado imo ndani ya tezi, takriban watu 95 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 10. Ikiwa imeshafika kwenye mitoki ya shingo, ni kama 75. Ikiwa imeshasafiri hadi mapafu, ini au mifupa, wanabaki kama 40. Angalia hiyo namba ya mwisho mara mbili. Hata pale ambapo wengi wetu tungesema “imeshaenea, basi tena”, watu 40 kati ya 100 wanavuka miaka 10. Saratani hii ina tabia ya kutambaa taratibu. Nyingine zinakimbia, hii mara nyingi inatembea.

Swali la maana kwa mgonjwa, basi, ni hili: yangu inatembea kwa kasi gani? Hapa saratani ya medula ina jambo ambalo saratani nyingi hazina, kwa sababu inajisema yenyewe kwenye damu. Kalsitonini inayotolewa na seli zake hupimika. Tunapima kabla ya upasuaji, tunarudia karibu miezi 3 baadaye, kisha tunaendelea kupima kwa vipindi. Ikishuka mpaka haionekani kwenye kipimo, hiyo ni habari njema sana. Wafaransa waliwafuatilia wagonjwa 899 na kuchapisha matokeo mwaka 1998: kati ya wale ambao kalsitonini ilishuka mpaka kiwango cha kawaida baada ya kisu, karibu 98 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 10. Wale ambao haikufika kiwango hicho? Karibu 70 kati ya 100. Kwa hiyo hata kalsitonini iliyobaki juu si barua ya kifo. Wapo wanaoishi nayo miaka mingi, utrasaundi na siti skani hazioni kitu, nao wanalima na kusindikiza mahari za wajukuu.

Kinachotutia wasiwasi ni mwendo. Utafiti mwingine wa Ufaransa, wa mwaka 2005, uliangalia kalsitonini inachukua muda gani kuongezeka maradufu. Wagonjwa 12 ambao yao iliongezeka maradufu ndani ya miezi 6, walikuwa hai 3 tu baada ya miaka 5. Wagonjwa 41 ambao yao ilichukua zaidi ya miaka 2 kufika hapo, wote walikuwa hai mpaka utafiti unafungwa. Ugonjwa ni uleule, jina lilelile kwenye cheti.

Ndiyo maana nawasumbua wagonjwa kuhusu karatasi. Jibu moja la kalsitonini halisemi mengi. Majibu manne au matano ya maabara ileile, yenye tarehe, yanatoa picha. Maabara mbili tofauti zinaweza kukupa namba mbili tofauti kwa damu ileile, na wewe ukadhani ugonjwa umeruka. Nunua daftari la kurasa 48, andika tarehe na namba. Mama wa Makete anaandika kwenye daftari lilelile analoandikia magunia ya viazi, na mimi sina neno.

Ukanda wetu una shida yake hapa. Nyanda za Juu Kusini tulizoea rovu. Mvua zilishahamisha madini joto kutoka kwenye udongo wa milima hii, na wazee wetu wengi walikuwa na shingo nene hadi ikaonekana ni maumbile ya kabila. Miaka ya 1980 watu waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 chumvi ikaanza kuwekwa madini hayo. Rovu limepungua sana. Mazoea hayajapungua. Uvimbe mdogo wa shingo bado unaambiwa “hata bibi alikuwa nao”, na hapo katikati wengine wanapigwa chale. Ongeza baridi ya Juni na Julai, sweta na skafu kuanzia Njombe hadi Uporoto, shingo inakaa miezi mitatu bila mtu kuiona. Saratani ya medula haitokani na upungufu wa madini joto, ila inajificha nyuma ya sifa ya rovu.

Kujikagua ni kazi ya dakika moja. Simama mbele ya kioo, vua skafu, inua kidevu kidogo, kunywa funda la maji. Ukiona kitu kinapanda na kushuka na kongomeo unapomeza, kipo kwenye tezi au kimeshikana nayo. Uvimbe mwingi wa namna hiyo si saratani. Lakini ukiwa mgumu, au unakua, au una mtoki pembeni usioondoka, au sauti imekwaruza wiki kadhaa bila mafua, uje. Tutakupima kwa utrasaundi na kuvuta chembechembe kwa sindano nyembamba. Dalili moja inayotupotosha hata sisi wataalamu ni kuharisha. Kalsitonini ikiwa nyingi sana tumbo huharisha kwa miezi, na mgonjwa anamaliza dozi za amiba na taifodi, dozi juu ya dozi, wakati shida iko shingoni.

Nije kwa familia, maana hapa ndipo tunapoweza kuokoa watu wengi zaidi. Karibu robo ya saratani hizi ni za kurithi. Kosa liko kwenye jeni iitwayo RET, iliyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 1993. Mzazi mwenye kosa hilo, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kulichukua, wa kike kwa wa kiume. Nimekaa na koo ambamo watu watatu walikufa na uvimbe shingoni, wanandugu wakahitimisha kwamba wamelogwa kwa sababu ya shamba. Kwamba jambo ni la ukoo, walikuwa sahihi. Walikosea tu mahali linapopita.

Jeni hiyo haishii shingoni. Inaweza kuleta uvimbe kwenye tezi zilizo juu ya figo, ambao hupandisha presha kwa ghafla, moyo ukaenda mbio, kichwa kikauma, jasho likatoka, kisha yote yakaisha. Mtu wa namna hiyo akiingizwa chumba cha upasuaji bila uvimbe huo kujulikana anaweza kufia mezani. Kwa hiyo ukiona daktari anachelewesha kisu cha shingo ili apime kwanza mkojo au damu kutafuta uvimbe huo wa juu ya figo, usidhani anakuzungusha.

Kipimo cha jeni hufanywa mara moja maishani, jibu lake halibadiliki. Mtoto ambaye hana kosa hilo anafutwa kwenye orodha, haji tena. Aliye nalo anaweza kutolewa tezi kabla saratani haijaanza. Kwa aina nyingi za kosa hilo upasuaji hufanywa utotoni, na kwa ile kali kuliko zote, ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha. Ndugu wasipoweza kukifikia kipimo hicho, si mwisho: wapimwe shingo, utrasaundi na kalsitonini kila mwaka.

Baada ya kisu kuna vidonge vya thairoksini, homoni ya ile tezi iliyotolewa, kila siku, maisha yote. Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, subiri angalau nusu saa ndipo unywe chai ya maziwa. Ganzi kwenye vidole au kuzunguka midomo ni kalsiamu imeshuka. Rudi hospitali siku hiyohiyo. Kwa ugonjwa uliosambaa na kuanza kukimbia zipo dawa mpya: Marekani iliidhinisha vandetanib mwaka 2011, cabozantinib mwaka 2012, na selpercatinib, inayolenga RET yenyewe, mwaka 2020. Zinapunguza kasi, haziponyi, na bei yake ni kilio. Unaotambaa mara nyingi hauhitaji dawa hizo mapema, unahitaji kufuatiliwa.

Mama wa Makete alirudi mwezi uliofuata. Safari hii mumewe alibaki kuvuna. Alishuka na Coaster pamoja na mabinti wawili na yule kitinda mimba, wote wanapiga miayo kwa kuamka alfajiri. Niliwaeleza habari ya damu na nafasi nusu kwa nusu. Wakatazamana, kisha mdogo akakunja mkono wa sweta akasema aanze yeye, ana mtihani kesho.