Ufa unaovunja diski huanzia tunduni

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kibokoni, hapa Mombasa, alikuja dukani kwangu na kompyuta imefungwa kwa leso. "Mwanangu, imelia kama bunduki," akaniambia kabla hata hajaketi, "na wajukuu walikuwa mbele yake." Watoto hawakuumia, alhamdulillahi. Lakini nilipofungua draivu, ile sehemu ya kompyuta inayosoma diski, nilikuta DVD imekuwa vipande vipande, vingine vyembamba kama sindano, na kimoja kimejichoma kwenye mlango wa plastiki wa trei.

Ndani ya DVD hiyo mlikuwa na harusi ya bintiye ya mwaka 2009. Ilinibidi nimwambie kwamba haiungiki. Mistari ya data kwenye DVD imeachana kwa chini ya elfu moja ya milimita, na hakuna mkono wa fundi unaoweza kuirudisha ilivyokuwa, sembuse kuizungusha tena.

"Na haikuwa na mkwaruzo hata mmoja," akasema. Nilimwamini. Mkwaruzo humsumbua leza katika kusoma, hauvunji diski. Kinachoivunja ni ufa kwenye ukingo wa tundu la katikati, pale ambapo hakuna anayepaangalia.

CD ni sahani ya plastiki iitwayo polikaboneti, upana wake milimita 120, unene milimita 1.2, na tundu lake ni la milimita 15. DVD ina vipimo hivyo hivyo, ila ni sahani mbili nyembamba zilizogandishwa kwa gundi. Diski inapozunguka, kila sehemu yake inataka kuruka nje, na plastiki ndiyo inayoishikilia. Mvutano huo huwa mkali zaidi kwenye ukingo wa tundu. Ukingo ukiwa mzima hakuna shida: polikaboneti ni plastiki ngumu, ndiyo hutengenezewa ngao za polisi. Ukiwa na ufa, hata wa milimita mbili, nguvu zote hukusanyika kwenye ncha ya ufa huo. Ukinunua doti ya leso Biashara Street unajua namna ya kuitenganisha: unakata kidogo kwa makasi, kisha unapasua kwa mikono. Bila ule mkato wa kwanza utavuta mpaka uchoke.

Sasa ongeza kasi. Deki ya kawaida ya muziki huizungusha CD mara 200 hadi 500 kwa dakika. Draivu ya kompyuta iliyoandikwa 52X, alama ya kasi yake ya juu, huifikisha zaidi ya mara 10,000, na DVD kwenye 16X hukaribia hapo hapo. Ukingo wa nje wa diski unakwenda kilomita 225 hivi kwa saa, ilhali treni yetu ya kwenda Nairobi mwisho wake ni 120. Tena mvutano haupandi sawasawa na kasi. Kasi ikizidi mara 20, mvutano huzidi mara 400. Ndiyo maana diski yenye ufa inaweza kucheza miaka na miaka kwenye deki ya televisheni, halafu ikapasuka siku ya kwanza inapotiwa kwenye kompyuta. Hayo ndiyo yaliyompata mama huyu.

Ufa wenyewe mara nyingi tunautia sisi, wakati wa kuitoa diski kwenye kasha. Meno ya kasha yanabana, mtu anaivuta kwa ukingo, inapinda kama upinde, na tunduni panalia "tik" ndogo ambayo hakuna anayeijali. Bonyeza meno ya katikati kwanza, ndipo uinue. Kwenye laptopu diski hushikwa na vijino vya duara kwenye mota. Tegemeza pale kati kwa kidole unapoitoa. Nachukia pia karatasi za picha za bwana na bibi harusi zinazobandikwa juu ya diski. Unyevu wetu wa Mombasa huzibandua upande mmoja, diski inakosa mizani na kuanza kutetemeka. Na tafadhali msisafishe diski kwa tina wala petroli, kwani huitia plastiki nyufa. Maji, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha.

Kabla ya kuitia diski ya zamani kwenye kompyuta, ielekeze dirishani utazame lile duara angavu linalozunguka tundu. Ukiona mstari unaometameta kuelekea nje, usiitie. Na ukisikia mlipuko, zima umeme ukutani, usibonyeze kitufe cha kufungulia trei, usiingize vidole. Vile vipande vinakata kama wembe. Draivu yenyewe kwa kawaida siihangaikii: vumbi la diski huingia kwenye lenzi na mota, na nyingine ya mtumba ni nafuu kuliko kazi ya kuisafisha.

Mama alikumbuka kwamba dada yake aliyeko Malindi alipewa nakala ya harusi ile ile. Ikaletwa Jumamosi, kwenye kasha la aina ile ile, nayo ina ufa tunduni kama urefu wa punje ya mchele. Sikuitia kwenye kompyuta. Nilitafuta deki ya DVD ya televisheni, ambayo mzunguko wake hauzidi mara 1,400 hivi kwa dakika, nikaunganisha zile nyaya tatu, wa njano, mwekundu na mweupe, kwenye kifaa cha kunasia video, nikaiacha icheze mwanzo mpaka mwisho. Picha hupungua ubora kidogo kwa njia hii, lakini diski hainyanyaswi.

Mama hakutaka kwenda nyumbani. Alikaa kwenye kibao saa mbili nzima, akinitajia kila anayepita kwenye skrini: huyu shangazi, yule jirani, Mungu amrehemu. Nilimwekea harusi kwenye flashi mbili, moja yake na moja ya kurudi Malindi.