Hakiumi, basi si kitu?

"Kivimbe changu cha kwapani kina miezi minne sasa, lakini hakiumi." Neno linalonikera hapo ni hilo "lakini". Litoe, weka "na", kisha soma upya: kina miezi minne na hakiumi. Hapo ndipo mimi huvuta kiti karibu.

Maumivu ya kwapani mara nyingi yanaeleza kasi tu. Tezi ikivimba ndani ya siku mbili tatu kwa sababu ya kidonda cha kidole, ganda lake hutanuka ghafla, nayo inauma. Tezi yenye kifua kikuu, limfoma (saratani ya tezi zenyewe), au seli zilizotoka kwenye saratani ya titi hukua polepole. Ganda linazoea na mwenyewe haumwi. Maumivu yangekuwa mizani ya hatari, jino bovu lingelishinda shinikizo la damu. Ila usigeuze kanuni ukalala: ipo limfoma inayokua kasi na kuuma, kwa hiyo "kinauma, ni jipu tu" nayo si hoja.

Vya ngozi havinisumbui sana. Kikisogea pamoja na ngozi unapoifinya, ni cha ngozi: kinyweleo kilichoziba baada ya kunyoa, jipu, au kifuko cha uchafu mweupe. Kikiwa laini kama unga uliokandwa na kimekaa hivyo miaka, huenda ni mafuta. Majipu yanayorudi palepale, kwapa zote na kinenani, yakiacha makovu na vitundu, si "damu chafu". Ni ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu, una tiba yake. Mama aliyejifungua akivimba kwapani maziwa yanapoingia, kwa kawaida ni nyama ya titi la ziada: asikamue, itanywea. Mtoto mchanga anaweza kuvimba tezi upande aliochanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu. Apelekwe ionekane, lakini isiyo na usaha kwa kawaida huachwa ipungue yenyewe.

Diodoranti? Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba inaleta saratani ya titi. Usiipake tu siku ya mamogramu, yaani eksirei ya matiti, maana chembe za alumini huonekana kwenye picha kama chembe za chokaa.

Sasa kujipapasa. Watu huinua mkono juu kama wanaapishwa, misuli na utando vikakaza, tezi zikajificha, kisha wanatangaza kwamba hakuna kitu. Kaa, laza mkono mezani ulegee. Kwa vidole vitatu vya mkono wa pili, vyenye sabuni, panda hadi kileleni mwa kwapa, kandamiza kuelekea mbavu, halafu teremka taratibu. Rudia ukuta wa mbele, wa nyuma, na upande wa mkono. Tezi ya kawaida, ukiigusa, ni kiharage laini kinachoteleza. Malizia na titi lote, wanaume pia, kisha mkono mzima hadi kwenye kucha.

Vitabu huweka mpaka wa sentimita 1. Ni makubaliano tu. Tezi ya milimita 8 iliyo ngumu kama kokoto hunitisha kuliko ya sentimita 2, laini, kwa mtu mwenye kidonda mkononi. Na kwa mtu mnene vidole vyangu hupita juu ya tezi ambazo ultrasaundi huziona bila shida.

Kama chanzo kinaonekana, kidonda au chanjo ya begani, na uvimbe unapungua, subiri wiki 2. Usisubiri ukiwa mgumu, umegandia hausogei, tezi zimeshikana kama kichane, unazidi kukua, au kuna nyingine juu ya mtulinga. Vivyo hivyo ukiwa na kivimbe kwenye titi, damu kwenye chuchu, homa zisizoisha, jasho la kulowesha shuka, au uzito umepungua asilimia 10 ndani ya miezi 6. Wekundu unaosambaa pamoja na homa na kutetemeka ni wa leo hii, hasa kwa mwenye kisukari.

Kinachoharibu kazi ni kile kilichofanyika kabla ya kufika hospitali. Duru ya tatu ya amoksilini kutoka duka la dawa imekula mwezi bure. Prednisoloni, dawa ya steroidi, inaweza kuinyausha limfoma kwa muda, na kinyama kikikatwa kwa uchunguzi kisionyeshe kitu. Wembe kwenye tezi ya kifua kikuu huacha tundu linalotiririka kwa miezi.

Hospitalini, kubali kipimo cha VVU. Tezi mara nyingi huvimba kwa sababu hiyo. Majibu ya sindano nyembamba inayofyonza seli yakirudi "safi" huku tezi bado ni ngumu, omba kinyama kikatwe. Na kabla hakijakatwa, uliza kitawekwa wapi: sehemu iende kwenye maji ya chumvi kwa GeneXpert (kipimo cha kifua kikuu) na kuotesha vimelea, nyingine kwenye formalini, kemikali ya kuhifadhia kinyama. Kikitumbukizwa chote kwenye formalini, vimelea vimekufa na hakuna cha kuotesha. Ikithibitika ni kifua kikuu, dawa kwa kawaida ni miezi 6, na tezi inaweza kuvimba zaidi katikati ya tiba. Rudi ionekane, lakini vidonge usiache.